Yule wa pili: kwa nini mgombea anatafuta mwenzake?

Jambo kwenu mliokimbia Alimbongo na vijiji vya jirani, wakati vita vilipanda kwa barabara ya Kanyabayonga na Kirumba mwaka 2024. Jambo pia kwenu mliowafungulia mlango kule Lubero, Butembo na Beni.

Leo tunaongea juu ya mtu ambaye wakati wa kampanye watu hawamwangalii sana. Wote wanaangalia yule anayetaka kuwa Raisi. Lakini kando yake kuna mwingine, yule wa pili. Ametoka wapi? Nani alimchagua, na kwa sababu gani? Tujiulize, maana mara nyingi yule wa pili ndiye anayetumwa kuomba kura za watu kama ninyi.

Ndugu zetu wa Tanzania wanamwita mgombea mwenza. Kule, jambo hili limeandikwa katika sheria. Zamani Raisi wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Raisi wa Tanzania kwa cheo chake. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, watu waliuliza: na kama Zanzibar inachagua mtu wa chama kingine, itakuwa namna gani? Basi sheria ikageuzwa. Tangu uchaguzi wa 1995, mgombea na mwenzake wanapigiwa kura moja, na kama mmoja ametoka bara, mwingine lazima atoke Zanzibar. Mwaka ule Benjamin Mkapa, mtu wa Mtwara, alisimama pamoja na Omar Ali Juma, mzaliwa wa Pemba. Na Pemba ndipo chama cha upinzani kilikuwa na nguvu sana. Mnaona hesabu yake.

Lakini yule wa pili si pambo tu. Mwezi wa Machi 2021 Raisi John Magufuli alifariki, na Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa Zanzibar aliyechaguliwa pamoja naye, akala kiapo siku mbili baadaye. Hakuna aliyeshika bunduki juu ya kiti, kwa sababu kila mtu alijua tangu mbele nani anafuata.

Sasa twende Kenya, maana kule kuna fundisho la uchungu. Mwaka 2002 wapinzani waliungana nyuma ya Mwai Kibaki. Raila Odinga alisimama mbele ya watu kule Uhuru Park, Nairobi, akasema kwamba Kibaki anatosha. Wakubwa walikuwa wametia mkono kwenye mapatano ya kugawana vyeo. Chama kilichotawala karibu miaka 40 kikaanguka. Lakini mapatano yale hayakuwa sheria. Baada ya ushindi, upande wa Raila ulisema haukupewa kilichoahidiwa. Ahadi ni deni, na deni lile halikulipwa. Mwaka 2005 waligawanyika juu ya katiba mpya, na mwisho wa 2007 walisimama kila mtu upande wake. Matokeo yakabishaniwa, watu zaidi ya 1,100 wakauawa, na mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Ninyi mnajua neno hilo "kukimbia" lina uzito gani.

Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, alimchukua William Ruto, Mkalenjin, kuwa mwenzake. Watu wa makabila yao ndio waliokuwa wameumizana sana katika Bonde la Ufa. Safari hii katiba mpya ya 2010 iliweka wazi kwamba naibu wa Raisi anachaguliwa pamoja naye, na Raisi hawezi kumfukuza kwa barua tu. Bonde la Ufa halikuwaka moto tena kama 2008. Hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini je, mapatano ya watu wawili yanamaliza maneno ya mashamba na ya wafu? Hapana. Na wakubwa wenyewe walikuja kutengana. Mwaka 2022 Kenyatta alimuunga mkono Raila, siyo Ruto. Ruto alishinda pamoja na Rigathi Gachagua wa upande wa Mlima Kenya, na mwezi wa Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa Gachagua kwenye cheo. Lakini iliondoa kwa kura na kwa sheria.

Tugeuke sasa nyumbani. Katiba yetu ya 2006 haina makamu wa Raisi. Mgombea anasimama peke yake kwenye karatasi ya kura. Basi kwetu yule wa pili anatafutwa kwa njia ya mapatano, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka 1960 Lumumba alikubali Kasavubu awe Raisi, yeye mwenyewe akawa waziri wa kwanza, ili Bakongo wa magharibi na watu wa chama chake wakae chini ya paa moja. Haikufika hata miezi mitatu: tarehe 5 Septemba Kasavubu alimfukuza kwa redio. Mwezi wa Januari 1961 Lumumba aliuawa.

Mwaka 2006 Joseph Kabila alijua kwamba mashariki iko naye. Mbusa Nyamwisi, mtoto wa eneo letu la Beni na Butembo, aliacha kugombea akamuunga mkono, na baadaye akawa waziri wa mambo ya inchi za inje. Kwa kura ya pili Kabila alimwendea Antoine Gizenga, mzee wa Bandundu, aliyepata asilimia 13 katika kura ya kwanza. Gizenga akawa waziri wa kwanza. Lakini sikilizeni vizuri: Kabila alishinda kwa asilimia 58, na bado wengi wa Bandundu walimpigia Bemba. Mkubwa alitia mkono, watu wake hawakumfuata. Kura si mali ya mkubwa, hawezi kuibeba kama mfuko wa maharagi. Na sisi wa Kivu Kaskazini tuliompa Kabila kura nyingi sana, vita viliendelea kwetu. Mwaka 2011 Mbusa mwenyewe alisimama kugombea kiti kile.

Mwaka 2018 mnaukumbuka. Kule Geneva wapinzani saba walikubaliana juu ya Martin Fayulu, na kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakatoka. Tarehe 23 Novemba, Nairobi, hawa wawili walifanya mapatano yao: Tshisekedi wa Kasai awe Raisi, Kamerhe wa Kivu Kusini awe waziri wa kwanza. Tshisekedi alitangazwa mshindi, katika mabishano makubwa. Kamerhe alipewa kuongoza ofisi ya Raisi, lakini cheo cha waziri wa kwanza kilikwenda kwa mtu wa upande wa Kabila, kwa sababu upande ule ulikuwa na wabunge wengi.

Na Beni na Butembo? Walikataliwa kupiga kura pamoja na wengine tarehe 30 Desemba. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama mbaya. Uchaguzi wao ulisukumwa mpaka Machi 2019, wakati Raisi alikuwa amekwisha kula kiapo Januari. Basi wakubwa walitafuta mwenzao wa mashariki ili wapate kura za mashariki, na watu wengi wa mashariki hawakupewa karatasi ya kura.

Tunajifunza nini? Kwanza, ni vizuri mgombea atafute mwenzake katika watu wasio wake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Pili, ahadi ya cheo isiyoandikwa katika sheria inavunjika kwa urahisi, na wanaolipa ni watu wadogo. Tatu, kiti cha mtoto wenu siyo barabara, siyo shule, siyo kurudi shambani. Muulizeni yule wa pili: "Umepatana nini kwa ajili yetu? Na ukifukuzwa, sisi tutabaki na nini?"

Haya si mambo ya Kinshasa tu. Mkichagua msimamizi wa kamati kati ya waliokimbia, na msaidizi wake akatoka kwa wenyeji, mpeni kazi iliyoandikwa: ashike orodha ya chakula, akae katika kila mkutano. Asipokuwa na kazi, watu wake watasema mlimchukua jina tu, na chuki itaanza pale kwenye orodha.

Maswali ya kuongea pamoja:
1. Katika kamati yenu, yule wa pili alichaguliwa na nani, na ana kazi gani?
2. Mgombea akileta mtu wa kwenu, mtamuuliza nini mbele ya kumpa kura?
3. Wenyeji na waliokimbia wanaweza kuandika mapatano gani pamoja, ili kila mtu ayajue?

Mbaki na amani.