Unga wa Siku kwa Siku: Historia ya Kusaga Nyumbani Nachingwea na Ruangwa

Katika nchi ya bara ya Lindi, ambako leo ziko wilaya za Nachingwea na Ruangwa na ambako Wamwera wameishi kwa vizazi vingi pamoja na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo, chakula cha akiba hakikuwekwa kikiwa unga. Kiliwekwa kikiwa mtama katika masuke yake, au mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moshi wa jiko, au makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa juani, na unga ulipatikana kwa kiasi cha mlo wa siku hiyo au siku mbili zinazofuata. Sababu ya desturi hiyo imo ndani ya punje yenyewe, kwa kuwa kiini chake kina mafuta ambayo ganda huyalinda kwa miezi mingi, lakini punje ikishavunjwa mafuta hayo hukutana na hewa, na baada ya muda mfupi unga huanza kunuka na kuingia uchungu, hasa katika joto la nyanda za kusini. Kusaga upya, basi, kulikuwa sehemu ya utaratibu wa kuhifadhi chakula, na kwa sababu utaratibu huo ulikuwa mikononi mwa wanawake, historia ya unga katika wilaya hizi ni historia ya ujuzi wao kabla ya kuwa historia ya mashine yoyote.

Ujuzi huo huonekana vizuri zaidi katika mtama, nafaka iliyolimwa huko kabla ya mahindi, ambayo ganda lake, hasa katika aina nyekundu, huupa ugali uchungu na rangi nzito. Mtama ulitiwa maji kidogo ili ganda lilainike bila punje kulowana hadi ndani, ukatiwa katika kinu, yaani gogo la mti mgumu lililochongwa shimo, ukatwangwa kwa mchi kwa mapigo ambayo yalitakiwa kuambua ganda bila kuponda moyo wa punje. Wanawake wawili, mara nyingine watatu, walitwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana mapigo, na mtwangaji mzoefu alijua kwa sauti ya mchi na kwa kupitisha punje chache vidoleni kama ukoboaji umetimia. Kisha ulifuata ungo, sinia la kusukwa ambalo kwa kurushwa na kuzungushwa hutenga pumba, chenga na punje nzima katika mafungu matatu. Punje ziliporudishwa kinuni au kupelekwa jiweni, zilikuwa zimekwisha kuoshwa na kuanikwa kwa kiasi, kwa maana punje yenye maji mengi hufanya tope na iliyokauka mno hurukaruka bila kusagika. Mtu anayesema kwamba kazi hii ilikuwa nguvu tupu hajaitazama: kila hatua ilitaka uamuzi, na kosa la hatua ya kwanza halikusahihishika katika ya mwisho.

Jiwe la kusagia lilikuwa la vipande viwili, kubwa la chini lililoinamishwa kidogo na dogo la juu lililosukumwa mbele na nyuma kwa mikono miwili na msagaji aliyepiga magoti, huku unga ukidondokea mkekani au katika ungo. Mwambao ulikuwa na chombo kingine, kijaa, chenye mawe mawili ya duara, la juu likiwa na tundu la kumiminia nafaka na mpini wa kulizungushia. Mashine ndogo za mezani ambazo sasa huuzwa duniani kwa watu wanaotaka unga wa nafaka nzima uliosagwa saa ile ile, zikiwa na mawe au meno ya chuma yanayozungushwa na mota, zina kanuni ile ile ya kijaa, ila nafasi ya nguvu ya mkono imechukuliwa na umeme.

Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilionyesha jinsi maisha yalivyotegemea ghala la nafaka isiyosagwa. Majeshi ya Wajerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, yaliteketeza vijiji, mashamba na akiba za chakula ili kuwavunja nguvu wapiganaji, na njaa iliyofuata kusini iliua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1906, wakati majeraha hayo yakiwa mabichi, mtaalamu wa mila Karl Weule wa Leipzig alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na uwanda wa Makonde, akikusanya vyombo vya nyumbani, akipiga picha na kurekodi sauti kwa fonografu. Vitu alivyochukua ni ushahidi wa thamani, ingawa inafaa kukumbuka kwamba alikuwa akivikusanya katika nchi iliyotoka kushindwa vita.

Mahindi na muhogo, mazao yaliyotoka Amerika na kuingia Afrika Mashariki kupitia mwambao, yalibadilisha kazi ya kinu kila moja kwa namna yake. Mahindi yakikobolewa hutoa unga mweupe unaoitwa sembe, ilhali yakisagwa na ganda na kiini chake huitwa dona. Muhogo ulileta jambo gumu zaidi. Aina chungu, ambazo wakulima walizipenda kwa sababu nguruwe na panya hawazishambulii sana, zina kemikali inayozalisha sumu ya sianidi, na sumu hiyo hupungua kwa kuloweka, kuchachusha au kukausha kwa siku nyingi. Kusini kulikuwa pia na njia ya haraka iliyoitwa chinyanya, ambapo muhogo ulitwangwa na kuanikwa kwa zamu hadi ukawa unga kwa muda mfupi. Mwaka 1988, wakati wa uhaba wa chakula katika wilaya ya Masasi, inayopakana na Nachingwea, watu wengi walidhurika na sumu hiyo baada ya kula ugali wa muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha, na watafiti waliochunguza tukio hilo walilihusisha na njia za mkato za namna hiyo. Akina mama wa huko walijua vizuri namna ya kuandaa muhogo kwa usalama; njaa iliwanyima siku ambazo ujuzi wao ulizihitaji, na hilo lina uzito mkubwa katika historia hii, kwa kuwa unga salama hutengenezwa kwa muda kama unavyotengenezwa kwa mchi.

Mji wa Nachingwea wenyewe ulikua kutokana na mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, uliobuniwa mwaka 1946 kwa lengo la kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na ambao ulikuwa na vituo vyake vikuu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kusini vilijengwa kwa ajili yake, lakini mpango ulifutwa mwaka 1951 na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi ya vibarua katika miradi ya aina hiyo iliendeshwa kwa posho, yaani mgawo wa chakula ambao kwa kawaida ulikuwa unga wa mahindi, na hivyo wanaume waliokaa kambini walizoea kula unga uliosagwa na watu wasiowajua, jambo geni katika nchi ambayo mlaji alikuwa akimsikia msagaji wake uani.

Mashine ya kusaga iliingia kwanza katika miji midogo na baadaye vijijini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga nafaka nchini vilitaifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, na kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 kuliweka kaya nyingi mahali pamoja, hali iliyowezesha kijiji kuwa na mashine yake ya dizeli. Kwa mwanamke aliyekuwa akiamka alfajiri kutwanga, mashine ilikuwa ukombozi halisi, wala hapana sababu ya kuitamania jana kwa niaba yake. Hata hivyo ukombozi huo ulikatika mara kwa mara, kwa kuwa mafuta yaliadimika nchini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mizigo ya kusini iliyotoka Dar es Salaam kwa barabara ilisubiri kivuko cha Rufiji, ambacho msimu wa mvua kingeweza kukwamisha magari kwa siku kadhaa, hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mashine ikisimama, vinu vilirudi kazini, na ndiyo maana havikutupwa.

Umeme uliosambazwa vijijini na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umepunguza utegemezi wa dizeli, na siku hizi nyumba nyingine za mjini zina mashine ndogo ya kusagia viungo, karanga na unga wa uji wa watoto. Lakini mashine hiyo, kama ile ya kijiji yenye nyundo za chuma zinazopiga punje hadi zipite katika chekeche, husaga tu. Haichagui punje zilizoota ukungu, ambazo zinaweza kubeba sumukuvu, haipepeti, na mtama mwekundu ukitiwa humo bila kukobolewa hutoka na uchungu wake wote. Kwa hiyo anayetaka ugali mzuri wa mtama Ruangwa bado huutwanga na kuupepeta nyumbani, huuosha na kuuanika, ndipo huupeleka kusagwa, kwa kiasi kile kile cha siku moja au mbili.