Kuinua tangi la mafuta kwa magari yanayopita njia za mawe

Kata ya Butimba, wilayani Nyamagana, iko kando ya Ziwa Victoria katika Jiji la Mwanza, linalojulikana kwa miamba yake. Gari linapoacha lami na kupanda kuelekea makazi ya vilimani hukutana na mawe yaliyochomoza ardhini, na kila msimu wa mvua maji husomba udongo uliokuwa umeyafunika. Katika njia za namna hiyo tangi la mafuta huwa hatarini, hasa lile lililofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwani hugonga chini gari linaposhuka ukingo.

Kuinua tangi ni kubadili vishikizo na mikanda yake ili lipande katika nafasi iliyopo kati ya chesisi na sakafu ya gari, au kuweka tangi lingine lenye kina kifupi. Faida yake ni sentimita chache tu. Kwa sababu hiyo, spring zichunguzwe kwanza: zikiwa zimelala, gari zima limeshuka, na kuzibadilisha kutasaidia kuliko kuhamisha tangi.

Vishikizo vipya vinapaswa kuwa imara. Lita 90 za dizeli zina uzito wa takriban kilo 75, nao hutikisika kwa kila jiwe. Tangi lisiguse sakafu wala kusogezwa karibu na bomba la moshi. Mpira wa kujazia mafuta lazima uendelee kuteremka kuelekea tangi. Ukilala au kupanda, mafuta hurudi na kumwagika kituoni. Mpira wa kupumulia nao usibanwe, kwa sababu tangi lisiloingiza hewa huifanya pampu ikose mafuta na injini kuzimika njiani, pengine katikati ya mlima.

Hatari kubwa zaidi iko gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na huweza kuwaka kwa cheche moja. Wapo wanaoamini kuwa tangi likishamwagwa mafuta ni salama kuchomelea. Ukweli ni kinyume: tangi tupu lililojaa mvuke uliochanganyika na hewa hulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa mafuta. Tangi liondolewe kabisa na kuwekwa mbali kabla ya kuchomelea chochote kwenye chesisi, na betri itenganishwe. Vishikizo vinavyofungwa kwa bolti ni bora.

Kazi ikikamilika, tangi lijazwe, gari liegeshwe kwenye mteremko kwa saa kadhaa, kisha viungo vyote vikaguliwe kama vinavuja. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linaloendeshwa barabarani liwe katika hali nzuri, na askari wa usalama barabarani anaweza kulikagua. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.