Njia ya Momella

Kutoka Ngarenaro, mjini Arusha, kwenda kupunga upepo Momella, chini ya Mlima Meru, si safari ndefu. Unapanda kifodi mpaka stendi, kisha Hiace ya Usa River, na mbele ya hapo kuna basi au Noah za Ngare Nanyuki. Wenye gari binafsi, foleni ya Tengeru ikiwahurumia, hufika kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni. Wageni wengi hulala njia nzima na kuamka kwenye geti la Hifadhi ya Taifa Arusha. Wanakosa mengi, maana kipande hiki kifupi kimebeba historia ya ardhi kuliko barabara nyingi za Tanzania.

Ngarenaro ni mtaa wa watu wa kazi, na haukuangukia hapo ulipo kwa bahati. Enzi za ukoloni Waafrika walipangiwa upande wa magharibi wa mji. Wazungu walijitengea mashariki, ng'ambo ya mto Themi, kulikobakiwa na jina la Uzunguni. Katikati lilisimama boma la Wajerumani la mwaka 1900, lililojengwa kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioswagwa kazini baada ya kushindwa vitani. Leo ni makumbusho, na watoto wa shule huingia humo kutazama wanyama waliokaushwa.

Barabara ya Moshi inapita Sanawari na kuteremka hadi Tengeru, kwenye mibuni, migomba na soko lisiloisha kelele. Hapo ndipo mwaka 1942 walipofikishwa wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepitia kambi za Siberia na kisha Uajemi. Walikaribia 5,000, wakawa na shule zao na kanisa lao. Miaka kumi baadaye walikuwa wametawanyika duniani. Waliofia Tengeru wamezikwa huko huko, na makaburi yao yanatunzwa.

Baada ya Usa River mambo hubadilika, kuanzia kwenye maji. Kijiji cha Maji ya Chai kimepewa jina la mto wake wenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo si shida kubwa. Shida ni madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru, ambayo hayaonekani wala hayanusiki. Wenyeji wengi wana meno ya kahawia kwa sababu yake, na kuna watoto waliopinda miguu. Pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kinachochuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maziwa ya Momella, ambayo mtalii huyapiga picha yakiwa na korongo na heroe, yana kiwango kinachopita hapo mara nyingi mno.

Ukikunja kushoto kuelekea geti la Ngongongare, barabara kuu inabaki nyuma na baridi inaanza. Hifadhi hii ilianza mwaka 1960 kama Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 mlima wenyewe uliongezwa, nayo ikaitwa Hifadhi ya Taifa Arusha. Haina simba, kwa hiyo twiga wake hutembea bila haraka. Jambo la ajabu kwa mgeni ni kwamba basi la wanakijiji hupita humo humo. Mama mwenye ndoo ya nyanya hupishana na nyati ambao mwingine amelipa dola kuja kuwaona, na mara nyingi hata hageuzi shingo.

Momella ilijulikana kama mahali pa mapumziko kwa sababu ya familia moja ya Wajerumani. Margarete Trappe na mumewe Ulrich walifika mwaka 1907, wakajichukulia shamba kubwa chini ya mlima. Mama huyo akawa mwindaji wa kulipwa, jambo ambalo wanawake wa zama zake hawakulifanya. Vita vya Kwanza vilipokwisha Wajerumani waliondolewa, ila yeye alirudi baadaye, na alifia Momella mwaka 1957. Kisha zikaja kamera za Hollywood. Howard Hawks alipiga hapo sehemu za filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akikimbiza vifaru kwa gari. Mwigizaji mwenzake, Hardy Krüger, aliipenda nchi kiasi cha kununua ardhi na kujenga hoteli.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa hotelini. Kisa kikubwa zaidi kimo hatua chache mbele, Ngare Nanyuki, na hakina picha ukutani.

Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki. Nyumba zao zilichomwa. Ardhi ilitakiwa kwa mashamba 13 ya mifugo ya walowezi, ingawa sehemu yake Wameru walikuwa wamekwisha kuinunua kwa fedha zao. Walielekezwa King'ori, ambako walilalamika kwamba malaria na magonjwa ya mifugo yangewamaliza. Hawakurusha mkuki. Walichangishana, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet New York, na wakili Earle Seaton akiwa msaidizi wake. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Wameru waliamua kumshitaki msimamizi kwa mwenye mali.

Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, miaka mitatu kabla Nyerere hajasimama hapo. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono Wameru, lakini kwenye Baraza Kuu lenyewe theluthi mbili ya kura haikupatikana. Kwa hesabu ya New York walishindwa. Kirilo aliporudi, alizunguka na habari hiyo kwenye mikutano ya TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na watu wa majimbo mengine wakasikia kwamba Mwingereza anaweza kuitwa kujibu. Kutoka TAA hiyo ilizaliwa TANU, chama kilichodai uhuru, mwaka 1954. Mashamba ya walowezi hayakudumu, na Wameru wakarudi kulima kwao. Nyanya zinazoshuka Arusha kila wiki kwa malori, kupitia mageti yale yale ya hifadhi, nyingi zinatoka kwenye udongo huo.