F ni Faru: Kitabu cha Alfabeti na Historia ya Wanyama Handeni

Wahakiki wetu hushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Kitabu cha alfabeti chenye picha hawakigusi, eti ni kifaa cha darasani tu. Makala haya yanadai kwamba kitabu hicho ni matini kamili yenye msimamo wake, na kwamba msimamo huo hujitokeza wazi kinapotumiwa kuwafundisha watoto habari za wanyama walio hatarini kutoweka. Tutaupima kwa historia ya Handeni na Korogwe.

Tuanze na fani. Mwaka 1658 mwalimu Comenius wa Moravia alitoa kitabu cha picha, *Orbis Pictus*, ambamo herufi zilifundishwa kwa milio, mingi yao ya wanyama: kunguru kwanza, kisha mwanakondoo. Mtoto aliwajua wanyama hao kabla ya kuijua herufi. Kitabu cha wanyama wanaotoweka hugeuza utaratibu huo. Herufi inajulikana, mnyama hajulikani. Kwa Kiswahili kuna tatizo jingine. Watoto wetu wengi wamefundishwa kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, siyo kwa herufi mojamoja. Mnyama yuleyule ni faru kwenye F na kifaru kwenye K. Mwingine ni tembo kwenye T na ndovu kwenye N. Mwandishi anayenakili mpango wa Kiingereza hana budi kuchagua, na mara nyingi huchagua bila kufikiri.

Sasa maudhui. Katika nchi hii herufi za Kilatini na sheria za wanyama zilifuatana karibu sana. Wamisionari wa UMCA walifika Magila, huko Bonde, katika miaka ya 1860, na baadaye wakafungua kituo Korogwe. Mwaka 1896 Wajerumani walitoa kanuni za uwindaji: leseni kwa wawindaji na maeneo ya kwanza ya hifadhi. Kwa hiyo kizazi kimoja kiliona kitabu kinaingia nyumbani na mnyama anahamia mikononi mwa serikali.

Je, kabla ya hapo wenyeji walikuwa waharibifu? Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu mazingira ya eneo hili, anaeleza kinyume. Jamii za Wazigua zilidhibiti pori kwa kulima, kuchoma nyasi na kufuga. Utawala wa kikoloni na njaa zilizoandamana, kuanzia miaka ya 1890 hadi ya 1930, vilivunja utaratibu huo. Watu walitawanyika, pori likarudi, na mbung'o pamoja nalo. Kumbe lile pori linaloitwa "asilia" katika picha ni alama ya watu walioondoka.

Mfano wa pili uko Mkomazi, kaskazini ya Korogwe. Faru wa huko walimalizwa na ujangili. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa katika pori hilo la akiba. Mwaka 1997 faru wa kwanza wakaletwa kutoka Afrika Kusini kuanza upya. Ni kazi ya kusifiwa, maana faru weusi wa Afrika walikuwa wamepungua kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi karibu 2,400 katikati ya miaka ya 1990. Lakini hebu msomaji ajiulize: katika ukurasa wa F, mfugaji yuko wapi?

Swali hili halijazeeka. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu yanapinga. Ngorongoro ni makazi ya faru. Basi darasani Handeni wanaweza kuketi watoto wawili wakisoma "F ni Faru": mmoja hajawahi kumwona, mwingine ametoka katika nchi ya faru. Picha ile moja haisemi jambo moja kwao. Na tembo je? Kwa mtoto ambaye mahindi ya mama yake yameliwa usiku, "T ni Tembo" siyo habari ya huruma.

Sisemi vitabu hivi vitupwe. Mtoto asiyejua kwamba faru anaweza kwisha atakuwaje mlinzi wake? Ninachokataa ni ile picha ya mnyama peke yake kwenye karatasi nyeupe, bila shamba, bila ng'ombe, bila mtu. Ni picha inayomfundisha mtoto wa Handeni kwamba yeye mwenyewe ndiye asiyetakiwa katika nchi yake. Wachoraji na waandishi wetu wachore na mkulima, na mfugaji, na askari wa wanyamapori. Nasi wahakiki tuanze kusoma ukurasa wa F kwa makini yaleyale tunayoyapa mashairi.