Moshi wa makala ulitufundisha nini

Sisi watu wa Lubumbashi tunapenda kusema kama akili ya kutafuta maisha tulizaliwa nayo. Hapana. Tulijifunza, na bei yake ilikuwa kubwa.

Union Minière ilianza mu 1906. Kutoka 1928 iliamua kushika wafanyakazi na jamaa zao mu kampi kwa miaka mingi: nyumba, mposho, hospitali, masomo ya watoto, yote yalitoka kwayo. Ku foyer, bamama walifundishwa kushona na kupika. Kazi ya baba ilikuwa na saa yake, na kila swali lilikuwa na shefu wa kulijibu. Njo maana watu waliita kampuni baba na mama. Gécamines, yenye kukamata nafasi yake mu 1967, iliendelea na ile desturi.

Mu 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mu 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mu 1994 tani hazikufika 40,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika ile historia mu kitabu chake cha 2001, juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Basi nani alifundisha wale walioachwa? Tuangalie makala, juu kila mbabula ya mji inaitaka. Fundi wa mashine alifika mu pori, akawa mwanafunzi wa mwanakijiji. Miti inapangwa, inafunikwa na majani na udongo, moto unawashwa ku mdomo moja. Hakuna saa ya kusema imeiva, juu miti haifanani, na upepo haufanani. Unasoma moshi: ukiwa mweupe na mzito, maji yangali mu miti, ukiwa mwepesi wa buluu, makala iko karibu. Udongo ukipasuka usiku na wewe umelala, asubuhi ni majivu tu. Kwa hiyo mtu anaanza na tanuru ndogo, anaharibu kidogo, anauliza mkubwa, anarudilia.

Bamama walifanya vile vile ku soko: mfuko moja wa bunga, kuuzisha kwa meka, faida kidogo mu likelemba, ndipo mfuko wa pili.

Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines na feza mu mkono. Wengi waliweka zote mu kitu kimoja, motokari ao biashara yenye hawakujua bado, na zikakwisha. Kampi haikuwapa hata siku moja nafasi ya kukosea kidogo mbele ya kukosea sana.

Hatusifu taabu. Pori limekuwa mbali na mji, na watoto wengi waliacha masomo. Lakini ku masomo yetu tungali tunafundisha jibu moja kwa kila swali. Wazee wenye kusoma moshi wangali wako. Tuwaulize mbele hawajaenda.