Saint-Georges, Joseph Bologne (1745–1799)

Joseph Bologne, anayejulikana zaidi kama Chevalier de Saint-Georges, alikuwa mpiga fidla, mtunzi na kiongozi wa okestra nchini Ufaransa. Alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1745 huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa. Baba yake, George Bologne, alikuwa Mfaransa mwenye mashamba. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Kwa sheria za koloni, mtoto wa mtumwa alifuata hali ya mama yake. Baba alimpeleka Ufaransa angali na miaka saba, akasomeshwa kama mtoto wa kabaila.

Upanga ulimpa jina kabla ya fidla. Alijifunza mchezo wa vitara kwa mwalimu La Boëssière, akawa miongoni mwa mabingwa wa Paris, kisha akaingia katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Cheo cha Chevalier alikipatia huko, si kwa kumrithi baba yake, maana sheria haikumruhusu.

Mwaka 1769 mtunzi François-Joseph Gossec alianzisha okestra iliyoitwa Concert des Amateurs. Saint-Georges alikuwa mmoja wa wapiga fidla wake, na mwaka 1772 alijitokeza mbele ya hadhira kupiga konserto mbili alizozitunga mwenyewe. Ni muziki wenye kumtesa mpigaji: vidole hupanda juu kabisa kwenye waya mwembamba, kisha upinde huruka ghafla hadi kwenye waya mnene. Gossec alipohamia kwingine mwaka 1773, okestra ilikabidhiwa kwa Saint-Georges. Chini yake ilihesabiwa kati ya okestra bora za Ulaya.

Hapa msomaji wa leo hana budi kuiondoa akilini picha ya mtu asiye na ala, aliyewapa hadhira mgongo, akipunga kifimbo. Desturi hiyo ilienea katika karne ya 19. Katika matamasha ya enzi ya Saint-Georges, kiongozi alikuwa mpiga fidla wa kwanza. Aliashiria mwanzo kwa kichwa na upinde, akashika mwendo kwa mlio wa fidla yake, na wenzake wakautazama mkono wake. Kupiga na kuongoza havikuwa vipaji viwili alivyojaliwa mtu mmoja. Ilikuwa kazi moja.

Waliomshangilia akipiga, hata hivyo, hawakuwa wote tayari kumtii. Mwaka 1776 alipendekezwa kuiongoza Opera ya Paris, nyumba ya muziki yenye hadhi kuliko zote nchini. Waimbaji na wacheza dansi kadhaa mashuhuri, akiwemo Sophie Arnould, walimwandikia Malkia Marie-Antoinette kwamba heshima yao haingewaruhusu kuwa chini ya amri ya chotara. Ombi lao halikusema lolote kuhusu uwezo wake. Mfalme alimaliza ubishi kwa kuiweka Opera chini ya watumishi wake mwenyewe, na Saint-Georges akabaki na okestra yake.

Alijaribu kutunga opera. Ya kwanza, Ernestine, ilianguka mwaka 1777. L'Amant anonyme, ya 1780, imedumu na bado huonyeshwa. Baada ya Concert des Amateurs kuvunjika mwaka 1781 kwa kukosa fedha, wafadhili wake wa jumuiya ya Wamasoni walianzisha okestra nyingine, Concert de la Loge Olympique. Kwa niaba yao, kabaila d'Ogny alimwagiza mtunzi Joseph Haydn simfonia sita, kwa malipo makubwa ya luisi 25 za dhahabu kila moja. Ndizo zinazoitwa simfonia za Paris, namba 82 hadi 87. Haydn alizitunga akiwa mbali, katika utumishi wa ukoo wa Esterházy. Aliyezitoa kwenye karatasi na kuwasikilizisha watu wa Paris, fidla begani, alikuwa Saint-Georges.

Siku hizi wengi humwita “Mozart mweusi”. Jina hilo halimtendei haki. Mozart alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi, na alipokuja Paris mwaka 1778 kutafuta kazi bila mafanikio, Saint-Georges alikuwa ameongoza okestra kwa miaka mitano.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka aliuweka upinde kando. Mwaka 1792 alikuwa kanali wa kikosi cha askari wenye asili ya Afrika na makoloni; mmoja wa maofisa wake alikuwa Thomas-Alexandre Dumas, baba wa mwandishi Alexandre Dumas. Mwaka uliofuata alivuliwa madaraka na kutiwa gerezani, akakaa humo karibu mwaka mzima. Alipoachiwa aliomba arudishiwe kikosi chake, akanyimwa. Alirudi kwenye fidla na kuongoza okestra ya mwisho, Cercle de l'Harmonie. Alifariki Paris mwezi Juni 1799.

Miaka mitatu baadaye Napoleon alimtuma Jenerali Richepance Guadeloupe, na utumwa uliokuwa umefutwa mwaka 1794 ukarejeshwa. Mtaa mmoja wa Paris uliitwa Richepance kwa muda mrefu. Mwaka 2001 jiji liliamua kulifuta jina hilo, na mtaa ukapewa la Saint-Georges.