Kambi ya Mlima Lewis

Katika jimbo la Virginia, upande wa mashariki wa Marekani, kuna safu ya milima iitwayo Blue Ridge. Huko ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah mwaka wa 1935, na juu ya milima ikachongwa njia ya motokaa iitwayo Skyline Drive, urefu wake kadiri ya kilometa 169. Watu wa mijini walipanda huko kupumzika na kutazama misitu.

Je, mlango huo ulikuwa wazi kwa wote? Hifadhi ilikuwa mali ya taifa zima, na kodi ya mtu mweusi ilipokelewa sawasawa na ya mweupe. Lakini Virginia siku zile iliwatenga watu kwa rangi, na wakuu wa hifadhi waliifuata desturi hiyo. Basi mwaka wa 1939 watu weusi walifunguliwa mahali pao peke yao, katika Mlima Lewis: uwanja wa kupigia mahema, nyumba ndogo za kulala, na mkahawa. Kando ya njia kikasimamishwa kibao cha kutangaza kwamba hapo ni pa weusi.

Wala tusidhani kwamba mahali hapo palikuwa pabaya. Msafiri mweusi aliyekuwa akifukuzwa katika hoteli nyingi za njiani alipata huko kitanda, chakula na amani. Lakini uzuri wa mahali haukuifuta aibu ya kibao. Mgeni aliyetengewa kiti kwa ajili ya rangi yake hakukaribishwa, hata kiti kikiwa kizuri.

Walikuwapo waliolikataa jambo hilo. William J. Trent, mtu mweusi, mshauri wa Waziri Harold Ickes aliyesimamia hifadhi, alidai kutengana kukome. Mwaka ule ule wa 1939 uwanja wa Pinnacles, palipokuwa pa kulia chakula cha safari, uliachwa wazi kwa rangi zote, uwe jaribio. Desemba 1945 ikatoka amri ya kukomesha ubaguzi katika hifadhi zote za taifa. Hata hivyo utii ulikuja polepole; mwaka wa 1950 ndipo Shenandoah yote ilipokuwa wazi kwa wote.

Kambi ingaliko hata leo, ndogo kuliko kambi zote za hifadhi hiyo, na yeyote aweza kupiga hema lake hapo. Apitaye na akumbuke kwamba amri ya haki ilitimizwa baada ya miaka mitano. Kuandika haki ni mwanzo. Kazi ni kuitenda.